Msikiti Mahali Penye Waislamu Wachache

Huku kwetu Cyangugu, ambako tangu mwaka 2006 huitwa Wilaya ya Rusizi, neno "umuswahili" halikuwa na maana ya mtu wa pwani tu. Lilimaanisha Mwislamu ye yote, awe amezaliwa Unguja au Bugarama, na mara nyingi lilisemwa kwa dharau, yaani mtu mjanja asiyeaminika. Uislamu uliingia nchini pamoja na wafanya biashara na askari wa wakati wa Wajerumani, na mwaka 1913 ukajengwa msikiti wa kwanza Kigali. Walipotawala Wabelgiji, Waislamu waliwekwa katika mitaa yao, kama Biryogo kule Kigali; na kwa kuwa karibu shule zote zilikuwa mikononi mwa misheni, watoto wengi wa Kiislamu ama walibatizwa, ama walibaki nje. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, Waislamu ni kama wawili katika kila watu mia.

Basi, msikiti una kazi gani kwa watu wachache hivyo? Wengi watajibu kwamba ni pahali pa kusalia. Ni kweli, lakini Mwislamu aweza kusali po pote palipo safi, hata shambani au kando ya Ziwa Kivu. Yako mambo ambayo hayawezi kufanywa na mtu peke yake.

Tutazame sala ya Ijumaa. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wa pwani, yataka wanaume wakazi arobaini wasiopungua. (Mahanafi hutosheka na wachache zaidi.) Mombasa hakuna anayehesabu. Lakini penye nyumba chache za Waislamu, mmoja asipofika huonekana mara moja, na watu huulizana: Je, anaumwa? Amesafiri? Hivyo hesabu ya ibada huwa njia ya kujuliana hali.

Mazishi ni mazito zaidi. Maiti sharti aoshwe, avikwe sanda, asaliwe, azikwe upesi. Sheria yasema kwamba baadhi ya watu wakiyafanya haya, wengine wamesalimika. Yasipofanywa, dhambi ni ya wote. Penye Waislamu elfu, wa kuyafanya hawakosekani. Penye kumi, hakuna pa kujificha. Ndiyo maana habari ya msiba hufika msikitini mapema. Hapo hutafutwa anayejua kuosha na kukusanywa fedha za sanda. Nami naona kwamba mtu aliyekwisha kumwosha baba wa mwenzake hawezi tena kumwona kuwa mgeni, japo kabila zao ni mbali.

Jambo hilo lilipimwa vikali mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Wapo Waislamu walioshiriki, wala si haki kuficha. Lakini kule Mabare, mashariki ya nchi, Waislamu Wahutu walikataa kutengwa na wenzao Watutsi. Walisimama pamoja kuwazuia washambuliaji, mpaka wakazidiwa nguvu, na wengi wakauawa msikitini. Katika miaka iliyofuata Wanyarwanda wengi walisilimu, na baadhi yao walisema kwamba walikuwa wamefichwa katika nyumba za Waislamu.