Kichakataji na Redio Ndani ya Vifaa vya Intaneti ya Vitu

Kifaa cha intaneti ya vitu, mfano mita ya maji inayojisoma na kutuma hesabu zake yenyewe, kina sehemu mbili kuu: kichakataji kinachosoma vihisi na kuamua la kufanya, na redio inayopeleka taarifa nje. Katika vifaa vya moduli, kila sehemu hukaa kwenye bodi yake, hivyo moja huweza kung'olewa bila kugusa nyingine.

Kichakataji ndicho chenye shida ndogo. Kupima joto au unyevu wa udongo ni kazi nyepesi. Chipu ya bei nafuu huimaliza mara moja kisha ikalala. Chipu ya ESP32, iliyotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Espressif ya Shanghai, huwa na viini viwili vya hadi megahezi 240, pamoja na Wi-Fi na Bluetooth ndani kwa ndani. Ikiwa usingizini kabisa hutumia takriban mikroampea 10. Ikituma kwa Wi-Fi, mkondo huweza kufikia miliampea 240, yaani mara 24,000. Anayetaka betri idumu aanze na redio.

Wi-Fi hubeba data nyingi, lakini haiendi mbali na nyumba. Teknolojia ya redio ya LoRa, iliyobuniwa na kampuni ya Cycleo ya Ufaransa na kununuliwa na Semtech mwaka 2012, hufika kilomita kadhaa penye uwazi kwa umeme kidogo, ila ujumbe wake haufiki hata baiti 256. Kwa kina cha maji kisimani hizo zinatosha na kubaki. Kwa picha, hapana. Penye minara ya simu, moduli ya laini ya simu hurahisisha mambo: mitambo ya sola ya kampuni ya M-KOPA nchini Kenya hubeba laini ndani, na mteja akilipa kwa M-Pesa, mtambo wake huwashwa kutoka mbali.

Bodi ya kichakataji na ya redio huunganishwa kwa nyaya chache. Kinachosumbua zaidi ni umeme. Moduli ya 2G aina ya SIM800L huvuta hadi ampea 2 kwa mipigo mifupi inapotuma. Chanzo kikiwa dhaifu, volti hushuka, kifaa hujizima na kuwaka upya, na fundi hulaumu programu bure.

Mitandao ya simu nayo huzeeka. Marekani, AT&T ilipozima 2G mwanzoni mwa 2017, mabasi ya San Francisco yaliyotegemea modemu za 2G yalitoweka kwenye mbao za kutangaza muda wa kufika. Redio ikiwa moduli, hubadilishwa peke yake. Ikiwa imelehemiwa pamoja na kichakataji, bodi nzima hutupwa.