Vitamini na Mawese kwa Mwenye Kifafa: Kando ya Vidonge, Si Badala ya Vidonge



Tunapopita nyumba kwa nyumba kuna swali ambalo familia zenye mgonjwa wa kifafa, ugonjwa ambao Warundi huuita intandara, hutuuliza mara kwa mara. "Tumesikia kuna vitamini za ubongo. Tukimpa hizo, vile vidonge vya zahanati tunaweza kuviacha?" Sehemu ya kwanza ya swali hili ni nzuri, na hata wataalamu wakubwa wanaifanyia utafiti. Sehemu ya pili inaweza kuua mtu. Ndiyo maana tumeona tuliandikie kwa urefu.

Vitamini zinazosemwa ni zile za kundi liitwalo antioksidanti, hasa vitamini E na vitamini C. Kazi yake ni hii. Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta. Oksijeni ikitumika huacha mabaki makali yanayokula chembe za mwili, kama vile hewa na maji yanavyokula msumari wa mtumbwi mpaka ukawa kutu. Mwili una njia zake za kuyazima mabaki hayo, na antioksidanti ni sehemu ya njia hizo. Mtu anapopata degedege, ubongo hufanya kazi kupita kiasi na mabaki huongezeka kwa wingi. Basi watafiti wakajiuliza: tukimwongezea mgonjwa antioksidanti juu ya dawa yake, je, degedege litapungua?

Jaribio linalotajwa sana lilichapishwa mwaka 1989. Watoto 24 ambao dawa peke yake ilikuwa haijawatuliza waligawanywa makundi mawili. Watoto 12 walipewa vitamini E, na 12 wengine walipewa kidonge kinachofanana nacho lakini kisicho na kitu ndani. Katika kundi la vitamini, watoto 10 walipungukiwa na degedege kwa zaidi ya asilimia 60. Katika kundi la pili hakupatikana hata mmoja wa namna hiyo. Ukisikia hivyo unaweza kukimbilia duka la dawa! Lakini subiri. Mwaka 1994 watafiti wa India walifanya jaribio kama hilo kwa wagonjwa 43, na hawakuona tofauti ya maana kati ya vitamini E na kidonge kitupu. Mwaka 2016 wengine wa Iran walifuatilia wagonjwa 65 kwa miezi sita, na waliotumia vitamini E walipata nafuu. Mmoja anasema ndiyo, mwingine hapana, na vikundi vyote ni vidogo. Wataalamu wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya na kupima majaribio ya namna hii, walitoa hitimisho mwaka 2005 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuwapa wagonjwa wote wa kifafa vitamini kama tiba.

Sasa tazama jambo moja ambalo wauza chupa hawakuambii. Katika majaribio yote hayo matatu, wagonjwa waliendelea kumeza dawa zao za kifafa kila siku. Vitamini iliongezwa juu. Hakuna aliyeambiwa aache fenobabitoni ameze vitamini E peke yake, kwa sababu daktari yeyote anajua kitakachotokea.

Na kinachotokea ni hiki. Dawa za kifafa kama fenobabitoni na kabamazepini hukaa mwilini na kuutuliza ubongo siku hadi siku. Mwili unazizoea. Ukiziondoa ghafla, degedege hurudi kwa nguvu kuliko lilivyokuwa mwanzo, na wakati mwingine linafuatana moja baada ya jingine bila mgonjwa kuzinduka katikati. Hiyo ni hali ya hatari ya kifo, au ya kuumia ubongo kwa maisha yote. Kuna mama mmoja wa kambi yetu aliyenunua chupa ya vitamini kwa pesa alizopata kwa kuuza sehemu ya posho yake. Kijana wake alikuwa amekaa miezi mingi bila kuanguka, na mama akaona amepona, akaviweka vidonge pembeni. Siku chache baadaye kijana alianguka karibu na mafiga. Mkono uliungua. Alirudishiwa dawa, na anaendelea vizuri, lakini kovu analo. Mama huyo si mjinga. Aliuziwa maneno matamu na mtu aliyejua kwamba anampenda mwanawe.

Wengi wetu tumetoka mwambao wa Tanganyika: Rumonge, Nyanza-Lac, Magara, na ng'ambo kule Baraka na Uvira. Kwetu mawese ni chakula, ni biashara, na ni dawa ya kila kitu. Rumonge hasa ndiko kitovu cha mawese ya Burundi. Basi tuseme ukweli kuhusu mawese. Yale mekundu, ambayo hayajachomwa mpaka yakawa meupe, yana vitamini E kweli, na pia yana kile kitu chekundu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Kuyatia kwenye maharage au lengalenga ni jambo jema kwa mgonjwa wa kifafa kama ilivyo kwa mtu mwingine yeyote, pamoja na ndagala, mukeke, maembe na machungwa. Ila vile vijiko vya kwenye mboga havikaribii kiasi cha vitamini kilichotumika katika majaribio, na hata kile kiasi kikubwa chenyewe hakijathibitishwa. Kula mawese kwa sababu ni chakula.

Kitu kimoja tunakuomba sana: usimmiminie mafuta mdomoni mtu aliye katika degedege. Desturi hii ipo, tumeiona. Mtu asiye na fahamu hawezi kumeza. Mafuta huingia kwenye mapafu, na anaweza kusongwa pale pale au kupata nimonia baadaye. Wala usimtie kijiko wala kidole katikati ya meno. Ondoa vitu vya kumuumiza, mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, kaa naye. Mate yake hayaambukizi kifafa. Mguse bila hofu. Degedege likipita dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, mpeleke zahanati mara moja, hata usiku.

Je, hakuna vitamini yoyote ambayo zahanati yenyewe hutoa kwa mwenye kifafa? Ipo, ila kila moja ina sababu yake. Mwanamke mwenye kifafa aliye katika umri wa kuzaa hupewa foliki asidi, ili mtoto atakayembeba asipate kasoro ya uti wa mgongo. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza isoniazidi hupewa vitamini B6, kwa kuwa dawa ile hupunguza vitamini hiyo mwilini, na upungufu wake unaweza kuharibu mishipa ya fahamu na hata kuleta degedege. Na wanaotumia fenobabitoni au kabamazepini kwa miaka mingi wanaweza kupungukiwa na vitamini D, inayoimarisha mifupa. Hizi hupewa kwa kipimo. Ukijiongezea mwenyewe unaweza kuharibu: foliki asidi au vitamini B6 nyingi mno zinaweza kuishusha dawa ya kifafa katika damu, hasa fenitoini, na hapo degedege linarudi huku unashangaa mbona unameza dawa kila siku. Vidonge vya vitamini A vikizidi kwa mama mjamzito vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwa hiyo kama unayo chupa nyumbani, usiifiche. Njoo nayo kliniki, mhudumu aisome maandishi yake pamoja na kadi yako ya dawa. Hakuna atakayekugombeza.

Kina mama na wasichana mnaotumia valproeti, zungumzeni na daktari kabla ya kupata mimba, maana dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Lakini msiiache wenyewe, itabadilishwa polepole.

Kama unatafuta kitu cha kuongeza juu ya vidonge, kipo kimoja kisichouzwa: usingizi. Kukesha huamsha degedege kwa wagonjwa wengi, na pombe vilevile. Wavuvi wa ndagala wanalijua jambo hili, kwani kazi yao ni ya usiku, taa ikiwaka juu ya maji mpaka alfajiri. Mwenye kifafa ambaye bado anaanguka asifanye kazi hiyo, wala asioge ziwani au mtoni peke yake. Akianguka kwenye maji hatapiga kelele, na hata maji ya magotini yanatosha kumzamisha. Nyumbani naye, jiko liinuliwe au lizungushiwe kinga.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao 7 katika kila 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila degedege wakipata dawa sahihi na kuimeza kama inavyotakiwa, na kwamba dawa hizo zinaweza kugharimu dola 5 tu za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwaka mzima. Fenobabitoni imetumika kwa kifafa tangu mwaka 1912. Ni dawa ya kizee, haina chupa ya kupendeza, na siku za mwanzo inaweza kumfanya mtu asinzie. Kama usingizi huo umezidi, sema, kipimo kitarekebishwa. Kwa kawaida ni baada ya miaka miwili bila degedege hata moja ndipo daktari anaweza kufikiria kupunguza dawa, kidogo kidogo kwa miezi kadhaa.

Neno kwa familia zinazojiandaa kurudi Rumonge au kuhamia kambi nyingine. Usingoje siku ya lori. Angalau wiki mbili kabla, fika kliniki umwambie mhudumu tarehe yako, ili upewe dawa za kutosha njia nzima na wiki za kwanza huko uendako, pamoja na karatasi yenye jina la dawa, kipimo chake, na tarehe ya degedege la mwisho. Dawa na karatasi vikae kwenye mkoba unaoushika mkononi, siyo ndani ya mizigo inayopakiwa juu. Ukifika, nenda kituo cha afya kilicho karibu kabla kidonge cha mwisho hakijaisha.