Kipoza Kitanda Kinapovuja Maji

Mwanamke anapokaribia kukoma hedhi, jambo ambalo kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55, usiku huweza kuwa mgumu kwake. Joto humpanda ghafla kifuani na usoni, jasho humtoka hata shuka zikalowa, kisha hubaki akitetemeka kwa baridi. Sisi wauguzi tunaotembelea nyumba za waumini tunasikia habari hizi mara kwa mara, na wengi huzisema kwa sauti ya chini kana kwamba ni aibu.

Kwa baadhi yao msaada umekuja katika sanduku la ndugu aliyeko Marekani: kifaa cha kupoza kitanda kwa maji. Ni kisanduku kinachokaa kando ya kitanda, chenye tangi dogo, pampu na feni. Ndani mna vibao ambavyo umeme ukipita, upande mmoja hupoa na wa pili hupata moto, jambo lililogunduliwa na Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834. Maji yaliyopozwa husukumwa hadi kwenye tandiko lenye mirija myembamba chini ya shuka, halafu hurudi.

Taabu huanza siku kinapovuja. Mama mmoja tunayemjua alikuwa amelala vizuri kwa majuma matatu, ndipo mumewe akakanyaga zulia lililolowa. Fundi aliyeitwa akasema kitupwe. Mzee naye akaamuru kisiwashwe tena, na kwa hofu yake ya umeme hatumlaumu. Tulipokichunguza pamoja, kasoro ilikuwa raba ya duara, ndogo kama pete ya mtoto, iliyopasuka kwenye kiungio cha mpira wa maji.

Kwanza kabisa chomoa plagi ukutani. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Kisha jiulize kama kweli ni uvujaji. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, hewa ina unyevu mwingi, na mpira wenye maji baridi hutoka jasho kama glasi ya maji ya friji. Huko dawa ni kupunguza ubaridi kidogo na kuufunika mpira kwa kitambaa. Huenda pia tangi limejazwa kupita alama.

Kama si hayo, kausha kila kitu, funga karatasi ya chooni kwenye kila kiungio, tandaza gazeti kavu chini, kisha kiwashwe sakafuni, mbali na godoro, mtu mzima akikiangalia. Karatasi itakayolowa kwanza ndiyo itakayokuonyesha mahali. Chomoa tena kabla ya kugusa.

Raba iliyochoka itolewe na kupelekwa dukani kwa mafundi bomba, ilinganishwe unene na upana. Ipakwe grisi ya silikoni kidogo. Tafadhali usipake mafuta ya mgando wala ya kupikia. Tunaovaa glovu kazini tunajua jinsi mafuta yanavyoharibu mpira. Mrija wa tandiko ukitoboka, gundi za kawaida hazishiki silikoni. Afadhali kukata sehemu iliyotoboka na kuunga kwa kiungio kidogo chenye vibano, kisha kulijaribu tandiko kwenye beseni kwa siku nzima kabla ya kulirudisha kitandani.

Maji nayo yana lawama. Maji ya visima yenye chumvi huacha ukoko mweupe, na viungio vikishindwa kufunga sawasawa huvuja. Tumia maji yaliyotoneshwa. Ukiyanunua kituo cha mafuta kama maji ya betri, soma chupa vizuri, maana asidi ya betri huuzwa papo hapo. Jiki usitie.

Godoro lililolowa litolewe juani siku hiyo hiyo. Likikaa na unyevu zaidi ya siku moja au mbili huanza kuota ukungu, na mtoto mwenye pumu ndiye atakayeumia kwanza.

Maji yakitoka ndani ya kisanduku chenyewe, weka bisibisi chini. Hapo pana umeme, na ni kazi ya fundi wa elektroniki. Mwulize pia kuhusu adapta, kwa sababu umeme wa nyumbani Marekani ni volti 120 na wetu ni zaidi ya 220. Isiyoandikwa kwamba inapokea hadi 240 haifai kuchomekwa huku.

Wakati wa kungoja, shuka za pamba, feni na taulo lenye maji baridi shingoni husaidia. Lakini jasho la usiku likija pamoja na homa, kukonda au kikohozi cha majuma mawili, mama asisubiri kifaa kitengenezwe. Aende kupimwa kifua kikuu, hata kama umri wake ni ule wa kukoma hedhi.