Mia Yako Ifike kwa Mtoto

Mtoto ametoka hospitali Jumatatu, na kufikia magharibi grupu la WhatsApp limeshafunguliwa: tumsaidie mama wa fulani, mwanawe ana kisukari cha aina ya kwanza. Kongosho limeacha kutengeneza insulini. Hakuna aliyemlisha peremende nyingi, na sindano ni za kila siku, maisha yake yote. Nasi tunachanga kama tunavyochangia matanga: mara moja, kwa kishindo, halafu kimya.

Harambee ya hema ndiyo ghali kuliko zote. Niliwahi kushika daftari la mweka hazina kwenye moja, huku Mombasa. Hema, viti, kipaza sauti na pilau ya mgeni rasmi (aliyemtuma mwakilishi) vililipwa kabla mama hajaona senti. Ahadi zilisomwa kwa makofi, na nyingine hadi leo ni wino tu. Ikiwa lazima mkutane, kutaneni uani kwa chai na mahamri, na ahadi isihesabiwe kuwa pesa.

Pesa ya simu ni nafuu ikiingia, inauma ikitoka. Kwa viwango vya mtandao mkubwa nchini Kenya tangu Julai 2023, kutuma shilingi 100 au chini yake ni bure, 500 hukatwa 7, na 1,000 hukatwa 13. Kutoa kwa wakala ni 29 hata ukitoa 500 tu. Mweka hazina akitoa mia tano mara nne, 116 zimekwenda. Akitoa 2,000 kwa mkupuo, ni zile zile 29. Bora asitoe kabisa: alipie duka la dawa kwa nambari ya tili, ambako mnunuzi hakatwi kitu.

Kwa hiyo mimi nachagua mia ya kila mwezi. Watu 40 wakituma 100 kila mmoja, hakuna anayekatwa na 4,000 zimefika. Shida yake ni kukumbushana, na ifikapo mwezi wa tatu watu huanza kutoroka grupu. Mpeni kazi hiyo mtu asiyeona haya kudai.

Walio ng'ambo hupenda majukwaa ya intaneti. Uliza asilimia wanayokata, kisha uliza kama wanalipa Kenya moja kwa moja. Wasipolipa, itabidi ndugu aliyeko huko apokee kisha atume, na hapo mnakatwa ada ya kutuma pamoja na tofauti ya bei ya dola. Ndugu atume mwenyewe tu.

Kabla ya kununua chochote, mama aulize kliniki kama mtoto anaweza kuandikishwa kwenye mradi wa Changing Diabetes in Children, ulioanza 2009 na upo Kenya. Huwapa watoto insulini na vifaa vya kupimia bila malipo. Akiingia, mchango wenu uende kwenye mapengo: stripu za kupimia sukari zikipungua, na safari.

Asipoingia, pesa nyingi italiwa na stripu. Tuseme pakiti ya 50 ni 1,500. Kila stripu ni 30. Kupima mara nne kwa siku ni 120, mwezi ni 3,600. Ndiyo maana mashine ya kupimia haichaguliwi kwa bei yake. Iliyo nafuu kwa 500 lakini stripu yake imezidi kwa 10 itakula akiba hiyo ndani ya siku 13. Tena stripu za mashine moja haziingii nyingine. Nimefunguliwa droo ya kabati huko Likoni: glukomita tatu za hisani, zinang'aa, na hakuna stripu hata moja inayoingia yoyote kati ya hizo. Ulizeni kwanza anayo mashine gani, kisha someni tarehe kwenye kisanduku, maana stripu zinazokaribia kuharibika huuzwa bei ya kutega.

Kwenye insulini, kichupa cha mililita 10 kina uniti 1,000 na kwa uniti huonekana rahisi kuliko kalamu ya 300. Lakini kikishafunguliwa hukaa kama wiki nne tu. Mtoto mdogo anayechoma uniti 15 kwa siku atatumia 420, na 580 zitamwagwa. Pigeni hesabu kwa atakazotumia, mkiongeza sindano za kalamu. Uamuzi wa kubadili ni wa daktari.

Friji msinunue. Insulini isiyofunguliwa ikae kwenye friji ya jirani, mbali na barafu, kwa sababu ikiganda ni ya kutupwa. Inayotumika hukaa nje ikiwa joto halizidi nyuzi 30. Mtungi wa udongo wenye mchanga uliolowa husaidia, ila zaidi Garissa kwenye hewa kavu kuliko Mombasa yenye unyevu.

Bima ya afya ya SHA nayo ihesabiwe, akilazwa mtaishukuru. Kima cha chini ni 300 kwa mwezi, lakini asiye na mshahara hutakiwa kulipa ya mwaka kwa mkupuo, 3,600. Hiyo ndiyo kazi ya mchango wa kwanza, watu wakiwa bado na huruma.

Halafu nauli. Feri ya Likoni ni bure kwa mwenda kwa miguu. Matatu si bure, na kliniki ni kila mara. Dukani daini risiti ya kila stripu, lakini makanga hatoi risiti, basi msimdai mama.