Yangeyange na chura: nani hasa analinda shamba lako?

Ukipita mashamba ya Matogoro wakati wa kulima utawaona yangeyange, wale ndege weupe, wakifuata jembe hatua kwa hatua. Watu wanawapenda. Ila chura wa nchi kavu, yule mwenye mabaka na vipele, akionekana kwenye tuta anapigwa jembe, eti katumwa na mchawi. Mimi naona tumegeuza mambo.

Yangeyange ni wa mchana. Anasubiri ng'ombe au jembe liwashtue panzi na viwavi, anadaka. Ukimaliza kulima, huyoo, kwa jirani. (Na chura mdogo akijitokeza, naye analiwa.) Chura anabaki. Jua likizama anatoka mafichoni, na saa hizo ndizo wanazotoka sota wanaokata miche, pamoja na nondo wanaotaga mayai ya viwavijeshi vamizi, wale waliotuingilia nchini mwaka 2017. Chochote kinachotembea na kuenea mdomoni, anameza. Tusimpe sifa asizo nazo lakini: kiwavi akishazama kwenye moyo wa mhindi, chura hamfikii. Hapo ni dawa, au vidole vyako.

Sasa dawa ndiyo inammaliza. Yangeyange akisikia bomba anaruka zake, na yai lake lina gamba, liko juu ya mti. Chura hanywi maji kwa mdomo, anayafyonza kwa ngozi, kwa hiyo sumu iliyo kwenye udongo wenye unyevu inapita humohumo. Mayai yake hayana gamba. Ni uzi mrefu wa ute, maelfu ya mayai, ndani ya dimbwi au mfereji, na viluwiluwi hukaa humo wiki kadhaa. Ukisuuza bomba hapo mara moja tu, unaweza kuua kizazi kizima.

Suuza mbali na maji, na maji ya kusuuzia yapulizie kwenye zao lilelile. Kagua kwanza, kisha lenga moyo wa mhindi ulioshambuliwa, si shamba zima. Acha ukanda wa majani kando ya mfereji. Mlima wetu ndio chanzo cha mto Ruvuma, na huko chini wapo wanaochota.

Ukimkuta chura kwenye tuta, msogeze. Vipele vyake haviambukizi, ila utomvu wa ngozi yake unawasha macho, kwa hiyo nawa mikono.