Kamera na Joto la Pwani (Sehemu ya 3): Betri Iliyovimba

Katika makala mbili zilizotangulia tulizungumzia ukungu unaoota ndani ya lenzi na chumvi ya bahari inayokula vyuma vya kamera. Leo tunafika kwenye ugonjwa wa tatu, ambao unaweza kuunguza nyumba: betri kuvimba. Nawaandikia zaidi wakazi wa Msasani, Dar es Salaam, na majirani zao, kwa kuwa huku kuna makundi mawili yanayokutana nao. Kundi la kwanza ni wapigapicha wa harusi na wa Coco Beach, ambao kamera ndiyo ugali wao. La pili ni familia zilizonunua kamera ndogo za dijitali miaka ya 2000, zikazipigia picha za ubatizo, maulidi na mahafali. Simu zilipokuja, kamera ikasukumwa kabatini na betri yake ndani.

Karibu betri zote za kamera za dijitali ni za lithiamu-ioni, aina iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991. Wanasayansi watatu walioijengea msingi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Ndani ya seli moja mna karatasi ya shaba iliyopakwa grafaiti, karatasi ya alumini iliyopakwa kemikali yenye lithiamu, na kati yao utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele. Vyote vimelowa elektroliti, kimiminika kinachoshika moto upesi. Seli moja hutoa volti 3.6 au 3.7. Ukisoma kwenye betri ya kamera kubwa, kwa mfano Sony NP-FW50 au Canon LP-E6, utakuta imeandikwa volti 7.2: humo mna seli mbili.

Uvimbe ni gesi, na gesi hiyo inatokana na elektroliti yenyewe. Kila siku ya uhai wa betri, kiasi kidogo cha kimiminika hicho huvunjika na kuwa kaboni dayoksaidi, kaboni monoksaidi, haidrojeni na gesi nyingine zinazowaka. Betri ikiwa nzima na ikitunzwa vizuri, kiasi hicho ni kidogo mno. Joto likizidi, kazi hiyo huenda mbio. Seli bapa zilizofungwa kwenye mfuko laini ndizo zinazotuna waziwazi; zile za duara zenye ganda la chuma zina vali, kwa hiyo zinaweza kuchakaa vibaya bila umbo kubadilika.

Hapa ndipo hali ya hewa ya kwetu inapoingia. Betri iliyojaa kabisa ikikaa mwaka mzima kwenye nyuzi joto 40 hubaki na takribani asilimia 65 ya uwezo wake. Ikihifadhiwa katika joto hilohilo ikiwa na chaji ya asilimia 40 tu, hubaki na kama asilimia 85. Tofauti hiyo ni kubwa, na haigharimu hata shilingi. Mpigapicha anayechaji betri zake zote Jumapili usiku zikajaa, akaziacha kwenye gari lililoegeshwa juani hadi harusi ya Jumamosi, anaziua yeye mwenyewe. Mwezi wa Februari ndani ya gari lililofungwa joto hupita nyuzi hizo 40 bila shida.

Kamera ya kabatini inaumwa kwa njia nyingine. Hata ikizimwa, saa yake ya ndani huendelea kunyonya umeme kidogo kidogo, na betri nayo hupoteza chaji. Miaka ikipita, volti hushuka chini ya kiwango ambacho seli inastahimili, na shaba ya ndani huanza kuyeyuka kwenye elektroliti. Siku mama anapokumbuka kamera yake na kuiweka kwenye chaja, shaba ile hurudi kuganda mahali isipotakiwa na inaweza kuleta shoti ndani kwa ndani. Chaja zenyewe nitazieleza wiki ijayo, ila hili lichukueni leo: betri iliyokaa miaka bila kuguswa isichajiwe, hata kama haijavimba.

Dalili ni rahisi kuzitambua. Mfuniko wa chini haufungi sawasawa, au betri iliyokuwa ikichomoka yenyewe ukisogeza kilimi kinachoishikilia sasa imeng'ang'ania. Ukiilaza juu ya kioo cha meza inayumba. Karatasi yake ya maandishi imekunjamana, na pengine utasikia harufu tamu inayokaribiana na ya rangi ya kucha. Ukiisikia hiyo, ujue elektroliti imeanza kuvuja.

Betri ikiwa imekwama ndani ya kamera, zima kamera, chomoa chaja, na utoe kadi ya picha. Keti nje au dirishani penye upepo, juu ya sakafu ya saruji au vigae, si juu ya zulia wala kitanda. Fungua mfuniko, sogeza kilimi, geuza kamera mdomo chini, kisha gonga mgongo wake taratibu kwa kiganja. Ikisogea kidogo tu, bandika kipande cha tepu imara kwenye kitako cha betri, uache mkia mrefu wa kushika, uvute polepole na kwa unyoofu. Kisu, bisibisi na koleo viwekwe mbali kabisa. Wapo wanaoshauri kuiweka kamera kwenye friji ili gesi inywee. Gesi hunywea kidogo sana, na unyevu unaobaki ndani ya kamera ukiitoa ni hasara nyingine. Ikikataa kabisa, mpelekee fundi wa kamera anayeweza kufungua ganda, na umwambie kabla hajagusa kitu kwamba ndani mna betri iliyovimba.

Sasa nije kwenye jambo lililonisukuma kuandika. Kuna tiba ya mtaani ambayo nimeiona kwa macho yangu kwenye kibanda kimoja cha fundi simu pale Namanga ya Msasani. Betri imetuna, fundi akachukua sindano, akatoboa pembeni, akabonyeza kwa dole gumba mpaka ikawa bapa, akaziba kwa selotepu na kumrudishia mteja. Mteja akaondoka ameridhika, maana betri iliingia na kifaa kikawaka. Jamani, hiyo ni hatari isiyo na mfano. Sindano ikipita kwenye ule utando, karatasi mbili za ndani hukutana na umeme wote wa betri hugeuka joto mahali pamoja. Utando wenyewe huyeyuka kwenye nyuzi kama 130, na hapo seli hujipasha moto bila kuzuilika. Hata kama moto haukutokea papo hapo, tundu limefungua mlango kwa unyevu wa hewa ya Dar es Salaam. Chumvi iliyomo kwenye elektroliti ikikutana na maji huzaa haidrojeni floraidi, gesi inayounguza macho na mapafu. Kumbukeni kuwa mwaka 2016 Samsung iliondoa sokoni simu zake zote za Galaxy Note 7 duniani kwa kasoro ndogo za kiwandani ndani ya betri. Kampuni yenye maabara zake ilishindwa kuzivumilia kasoro hizo; sindano ya kibandani inaleta kubwa zaidi kwa makusudi.

Kuichovya betri kwenye maji ya bahari ili iishe nako ni kosa. Chumvi hula vituo vyake vya umeme mapema, kwa hiyo umeme unaweza kubaki ndani huku wewe ukidhani umekwisha.

Betri ikianza kutoa moshi, watu watoke kwanza, kwa sababu moshi huo ni sumu. Mchanga huzuia cheche zisiruke lakini haupoozi. Kwa betri ndogo ya kamera iliyo nje ya umeme wa ukutani, maji mengi ndiyo yanayopooza. Msiogope kwamba lithiamu hulipuka ikiguswa na maji: hiyo ni lithiamu tupu ya maabara, si hii. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114.

Wengi hujaribu kuiokoa betri kwa kuhofia picha. Picha ziko kwenye kadi, na kadi husomwa na kompyuta yenye kisoma kadi kinachoifaa bila kamera kuwaka. Kamera yenyewe hupona ukiiwekea betri nyingine iliyo nzima, ila jihadhari na zile za bei ya kutupa zinazojiandika uwezo mkubwa kuliko wa kiwanda chenyewe katika umbo lilelile. Na anayesafiri kwa ndege: betri nzima za akiba hubebwa kwenye mkoba wa mkononi, iliyovimba haipandi kabisa.

Ukishaitoa betri iliyovimba, ziba vituo vyake kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme, uifukie kwenye mchanga mkavu ndani ya ndoo ya bati, uiweke nje kivulini mbali na ukuta na watoto. Usiitupe jalalani. Taka nyingi za jiji hili huishia dampo la Pugu Kinyamwezi, na kabla ya kufika huko hushindiliwa na gari, huchambuliwa kwa mikono na waokota taka, au huchomwa uani. Kanuni za mwaka 2021 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki zinamtaka anayezikusanya awe na kibali, na mahali pa kuulizia wenye vibali ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC).

Lakini mtu wa Bonde la Mpunga, hapa Msasani, mwenye betri moja hatafunga safari kuitafuta NEMC. Kwa hiyo naiomba Manispaa ya Kinondoni iweke ndoo moja ya bati yenye mchanga katika ofisi ya kata ya Msasani, ipokee betri za wananchi, na impe mkusanyaji mwenye kibali kazi ya kuimwaga kila mwezi.