Kola ya mabegani inayookoa shingo za madereva

UKIFIKA Jaws Corner, Mji Mkongwe, jioni, hukosi mabishano ya Simba na Yanga. Lakini siku moja runinga ilionyesha Safari Rally ya Naivasha, vumbi tupu, mzee mmoja akauliza: "Jamani, wale wamefungwa nini mabegani?"

Inaitwa HANS. Ni kola ngumu inayobanwa na mikanda ya kiti, halafu kamba mbili fupi zinaishika helmeti. Gari likigonga mti au likibingirika kwenye makorongo, mikanda inazuia kifua, ila kichwa na uzito wa helmeti vinaendelea kwenda mbele. Hapo fuvu linavunjika kwa chini, linapokutana na shingo. Helmeti peke yake haizuii hilo.

Aliyeibuni ni Profesa Robert Hubbard wa Marekani, akishirikiana na shemeji yake, dereva Jim Downing, baada ya rafiki wa Downing kufariki mwaka 1981. Madereva waliikataa miaka nenda rudi, eti inabana. Februari 18, 2001, Dale Earnhardt, bingwa mara saba wa NASCAR, aligonga ukuta Daytona mzunguko wa mwisho, akafa. Hakuivaa. Kabla ya mwaka kwisha, NASCAR ikalazimisha kinga ya shingo. Formula One ikafuata 2003. Ni kama kinga za ugoko tu, huna, mwamuzi hakuingizi uwanjani.

Kijana wa bodaboda alisikiliza yote pale barazani, akacheka. Helmeti yake ilikuwa inaning'inia kwenye usukani, mkanda wa kidevuni umekatika.